Maziwa ya Vumbi

Meneja Fabiano alikuwa na leso ya mistari aliyoitia manukato, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuzibia pua kila alipopita mlangoni mwa chumba cha kinu. Leso hiyo ilimchefua Yunisi kuliko kitu chochote pale kiwandani. Mtu analiona vumbi, anajua ni baya, anaziba pua yake mwenyewe, halafu anawapungia mkono walio ndani na kuwaambia, "Kazi nzuri, ndugu zangu, endeleeni!" Mtu mzima ovyo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida. Mwaka ule wa sabini na tano kilikuwa kimetimiza miaka miwili tangu kizinduliwe kwa ngoma na hotuba. Kilisaga mawe meupe yanayong'aa yaliyokuwa yakiletwa kwa lori kutoka vilimani. Unga wake ulichanganywa na magadi na sabuni, ukafungwa kwenye pakiti, ukapelekwa madukani kuwa unga wa kusugulia masufuria. Wake za wakubwa huko mbali wakasugua, masufuria yakang'aa. Wanaume wanne wa chumba cha kinu nao wakang'aa, kuanzia kope mpaka kucha za miguu. Ukikutana nao alasiri wakirudi nyumbani ungedhani wametoka jandoni.

Msimamizi wa hao wanne alikuwa Philipo, mume wa Yunisi. Yunisi mwenyewe alifunga pakiti pamoja na wanawake wenzake katika banda la pili, ukuta mmoja tu kutoka kwenye kinu, kwa hiyo kikohozi cha mumewe alikisikia mchana kutwa. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtu aliyepaliwa. Mwaka wa pili kikawa kirefu, kikavu, kisicholeta kitu, na Philipo akikimaliza hushika ukuta kwanza ndipo aongee.

Kwa vumbi hilo wakubwa walikuwa na dawa yao: maziwa. Waraka ulisema kila mfanyakazi wa "sehemu zenye vumbi" apewe nusu chupa ya maziwa kila siku ya kazi, yakamsafishe kifua. Waliohesabiwa hapo ni wa kinu na fundi wao tu. Unyambwa nzima iliamini hivyo. Yunisi alipolisikia mara ya kwanza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amechinja kuku wangapi, amepasua mbuzi wangapi? Koo ni mbili. Moja inakwenda tumboni, nyingine mapafuni, na hata mbuzi analijua hilo.

"Baba Eliza," alimwambia mumewe, "siku maziwa yakiingia mapafuni mwako utakufa siku hiyohiyo. Hatutalingoja vumbi."

"Waraka umetoka juu, Mama Eliza."

"Juu wapi? Huko juu hakuna mtu aliyewahi kupasua mbuzi?"

Lakini maziwa hakuyakataa, wala asingethubutu. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa za kudanganya, uwele ukakaukia shambani. Walipohamishwa kutoka maboma yao ya zamani upande wa Sepuka, ng'ombe wao saba walifika watatu, na ukame ukawamaliza hao watatu. Na Eliza, binti yao wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameanza kugeuka rangi ya nywele. Zilikuwa nyekundu, nyepesi, ukizishika zinabaki mkononi. Miguu ilivimba. Mwuguzi wa zahanati aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. "Maziwa, mama," alisema. "Sina dawa nyingine ya kukupa."

Basi Philipo hakuwahi kunywa hata funda moja. Kila siku saa saba walikoroga maziwa ya unga kwenye ndoo pale kantini, naye akakinga nusu chupa yake, akaiziba kwa gunzi, akaja nayo nyumbani chini ya kwapa. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Nani angekunywa peke yake, watoto nyumbani wakimtazama? Baada ya miezi minne nywele za Eliza zilianza kuwa nyeusi kwenye mashina, miguu ikanywea, akawa anatembea kwa kushika kigoda. Ukimwona anakimbilia ile chupa ungesahau kabisa ilitoka wapi.

Aliyemkumbusha Yunisi ni Mzee Mughwai, fundi wa mashine. Mzee huyo alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu enzi za mkoloni, na hadi wakati huo alikuwa akipanda ngazi tatu anapumzika mara mbili. Siku moja alikuja banda la pakiti kukaza mkanda wa mashine, Philipo akakohoa ng'ambo ya ukuta, mzee akasimama na spana mkononi mpaka kikohozi kikaisha.

"Shikamoo, mzee," Yunisi alisema. "Unasikiliza nini?"

"Marahaba, mwanangu. Namsikiliza mumeo. Kikohozi hicho nakijua kwa jina." Akaketi juu ya gunia. "Tulikwenda machimboni vijana kumi na mmoja wa kijiji kimoja. Tukatoboa mawe meupe kama haya. Niliyebaki ni mimi, na mimi ndiye huyu unayeniona."

"Mlipewa maziwa?"

"Tulipewa maziwa, tena freshi. Tulizikwa tumeshiba."

Yunisi hakucheka. "Kuna dawa?"

"Ya kulitoa, hakuna. Ya kulizuia, ipo. Ulifunge vumbi lisitoke. Na pale lilipotua, ulimwagie maji kabla ya kuligusa."

Kesho yake Yunisi alisimama mlangoni mwa chumba cha kinu akatazama jinsi wanaume wanavyofanya kazi. Lo, aibu gani ile! Unga ulitoka mdomoni mwa kinu, juu kabisa usawa wa bega, ukaporomoka mpaka kwenye gunia lililokaa chini, na nusu yake ikapaa. Mwenye kushika gunia alisimama upande ule unakoelekea upepo, unga wote usoni. Jioni walifagia sakafu kavukavu, kwa nguvu, kama wanafukuza nyoka. Msichana wa miaka minane wa kijiji cha Ihanja, aliyepepeta uwele mara moja tu, anajua kwamba upepo unaupa mgongo, na kwamba ukimimina unashusha ungo mpaka karibu na ardhi. Lakini hawa ni wanaume, wao hawajapepeta kitu tangu wazaliwe, na hakuna mwanaume atakayemuuliza mke wake jambo la mashine.

Aliomba mifuko ya kitambaa ya unga wa ngano kwa mwenye tanuri la mikate mjini. Akaifua, akaifumua, akashona kwa mkono majuma mawili mazima, mshono juu ya mshono. Mzee Mughwai akakunja pete za bati za kuifungia. Walitoka na kitu ambacho wafanyakazi walikiita soksi. Soksi moja ndefu ilifungwa kwenye mdomo wa kinu ikashuka mpaka ndani ya gunia, unga ukateremka humo bila kuona jua. Soksi nyingine kubwa, iliyoshonwa kabisa upande wa chini, ilivishwa tundu la kutolea hewa kule juu. Hewa ikapita kwenye kitambaa, vumbi likabaki ndani. Na maji machafu ya kantini, badala ya kumwagwa uani, yakanyunyizwa sakafuni kabla ya kufagia.

Siku ya kwanza Philipo alitoka kazini ana rangi yake mwenyewe. Wenzake walikuwa wanatazamana na kuchekana, maana Selemani kumbe alikuwa na kovu shavuni na hakuna aliyekuwa akilijua. Ukutani likaonekana tangazo kubwa la Uhuru ni Kazi, ambalo kwa miaka miwili halikuwahi kusomwa na mtu. Juma la pili Philipo alicheka kichekesho fulani mpaka mwisho, bila kukikatiza kwa kukohoa. Yunisi alikuwa anasonga ugali. Alijifanya hakusikia, akaendelea kusonga ugali uliokwisha kuiva.

Jumatatu iliyofuata Meneja Fabiano akaja na leso yake. Akafika mlangoni, akaiweka puani, akaitoa, akanusa.

"Vumbi liko wapi?" aliuliza, kama mtu aliyeibiwa.

"Tumelifunga, Ndugu Meneja," Philipo akajibu kwa kujigamba, maskini wa Mungu.

Jumatano ndoo haikuonekana kantini. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi yenye mhuri: kwa kuwa chumba cha kinu si sehemu yenye vumbi tena, posho ya maziwa imesitishwa kuanzia tarehe ya tangazo hili. Chini yake kulikuwa na sahihi ndefu yenye mikia mitatu.

Yunisi hakungoja kutumwa. Alikwenda ofisini na aproni yake ya pakiti. Meneja alikuwa anakunywa chai.

"Habari za kazi, Ndugu Meneja. Nimekuja kwa ajili ya maziwa."

"Waraka unasema sehemu zenye vumbi," Meneja alisema bila kuinua uso. "Nimekwenda mwenyewe nimekagua. Vumbi hakuna. Nimpe mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao?"

"Maziwa yale wanakunywa watoto."

Hapo aliinua uso. "Watoto? Yaani mali ya kiwanda mnaipeleka majumbani? Mama, hiki ni kiwanda, si kliniki. Shukuru sijachukua hatua."

Yunisi alitazama kikombe. Chai ilikuwa nyeupe, nzito, imefanya utando juu. "Na hayo ya kwenye kikombe chako, Ndugu Meneja, yanaosha vumbi gani?"

"Haya ni ya wageni."

"Na wewe ni mgeni wa nani?"

Alifukuzwa ofisini, lakini kazini hakufukuzwa, kwa sababu Meneja aliogopa mikutano kuliko alivyoogopa Mungu. Miaka ile wafanyakazi walikuwa wameshafunga milango ya mameneja wenye majivuno sehemu nyingine, naye alikuwa amesikia. Huo ndio ulikuwa ushujaa wake wote. Debe tupu! Yunisi aliwasimulia wanawake wa pakiti, akaigiza mpaka ile namna ya kuinua kidole cha mwisho anaposhika kikombe, wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha akarudi nyumbani akamkuta Eliza amekaa mlangoni, anaingojea chupa.

Hakuna kitu kilichokuja. Walimpa uji mweupe, akautema. Jirani mmoja mwenye mbuzi aliwapa kikombe mara mbili, mara ya tatu akajifanya hayupo, na huwezi kumlaumu. Juma la tatu Yunisi alibonyeza mguu wa mwanaye kwa kidole gumba, akakitoa. Shimo likabaki. Akabonyeza tena mahali pengine, kama mtu asiyeamini, na pale napo likabaki.

Kule kinuni wanaume nao walikuwa na akili zao. Selemani, katibu wa tawi la wafanyakazi, baba wa watoto watano, aliwaongoza wenzake wawili ghalani. Wakajipaka unga usoni na kwenye nywele, wakaenda kujipanga kantini na chupa zao. Watu wazima, wenye ndevu, wanajipaka unga kama watoto wanaocheza nyumba! Na hata kujipaka hawakujua, wameacha masikio meusi na migongo safi. Meneja aliwatazama, akawafukuza. Yunisi aliposikia alisema maneno ambayo mke wa mtu hapaswi kuyasema. Alisema Meneja ni mjinga mwenye kiti, na hawa ni wajinga wasio na kiti, tofauti yao ni mbao nne tu.

Selemani akamfuata mpaka banda la pakiti.

"Shemeji, soksi zako zimetukatia maziwa. Ziondoe."

"Zimekukatia kikohozi, hilo hulisemi? Nenda kadai maziwa na soksi zibaki! Wewe si katibu? Au ukatibu wako ni wa kubeba kitabu?"

"Nimedai. Anasema waraka ni waraka. Barua imekwenda makao makuu, jibu litakuja."

"Lini?"

Selemani akarudi kinuni. Naye alikuwa na mtoto mwenye nywele nyekundu, Yunisi alilijua hilo, na bado hakumhurumia. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema moyoni.

Ndipo ukaitishwa mkutano, uani, saa nane mchana, wafanyakazi wote thelathini na wawili. Asubuhi yake, wakati wa kufunga mlango wa nyumba, Yunisi alimwambia mumewe, "Usinyooshe mkono, Baba Eliza. Wakinyoosha wote, wewe usinyooshe."

Philipo alikuwa anamtazama mtoto. "Miguu imefika magotini."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu kinaweza kungoja," Philipo alisema.

Mkutano ulikuwa mfupi. Selemani alisimama akaeleza: soksi zikiondolewa, chumba cha kinu kitakuwa tena sehemu yenye vumbi, na maziwa yatarudi siku hiyohiyo. Kisha akasimama Meneja na leso yake mfukoni, akakohoa kile kikohozi safi cha wakubwa.

"Ndugu wafanyakazi, soksi mlizitengeneza wenyewe kwa juhudi zenu. Mimi siwezi kuziondoa, kesho mtasema Meneja ana majivuno. Mkiziondoa, ziondoeni ninyi. Lakini nataka kauli moja, iandikwe kwenye muhtasari. Akibaki hata mmoja anayepinga, soksi zinabaki, na maziwa hayarudi. Sitaki baadaye mtu aseme hakukubali."

Yaani huyu mtu! Alitaka wafe kwa kura, na sahihi yake isiwepo. Yunisi alisimama. Eliza alikuwa mgongoni amefungwa kanga, mzito kuliko alivyokuwa mwezi uliopita, na uzito wote ulikuwa ni maji.

"Nasema hivi," Yunisi alianza. "Mwenye kutaka maziwa na mwenye kutaka pumzi ni mtu huyohuyo. Kwa nini achague? Ndoo ipo, maziwa yapo ghalani, tunayaona yakiingia. Huyu hapa anayanywa kwenye chai! Semeni neno!"

Watu walinung'unika. Wengine wakacheka kidogo, wakatazama viatu vyao. Meneja akatazama saa. "Anayekubali anyooshe mkono," alisema.

Mikono ikapanda. Selemani wa kwanza, na wenzake wa kinu. Wanawake wa pakiti, walewale waliocheka hadi kushika mbavu, mmoja baada ya mwingine. Yunisi aliwatazama kila mmoja usoni, akamdharau kila mmoja kwa zamu yake. Mkono wa Mzee Mughwai ulipanda nusu, kiwiko kimekunjwa.

"Hata wewe, mzee? Wewe unayejua?"

"Nina wajukuu sita, mwanangu," mzee alisema, akaunyoosha.

Halafu Philipo. Hakumwangalia mkewe. Alinyoosha mkono wake mrefu wa kuume juu kabisa kama mwanafunzi anayejua jibu.

Ikabaki mikono ya Yunisi peke yake. Kinu kilikuwa kimezimwa. Watu wote walikuwa wanamtazama, na kwenye macho yao hakukuwa na chuki, na hilo ndilo lililomuumiza. Walikuwa wanamwomba. Kinywani alikuwa na matusi ya kumtosha kila mmoja wao na ya kubakiza. Mgongoni Eliza alikuwa hapigi kelele. Juma lile lote hakuwa amepiga kelele. Alikuwa amekamata fundo la kanga kwa mdomo, analinyonya polepole, anapumzika, analinyonya tena.

Yunisi akanyoosha mkono.

"Andika," Meneja alimwambia Selemani. "Kwa kauli moja. Makofi!" Wakapiga.

Philipo alipanda ngazi mwenyewe akazifungua soksi. Ile kubwa ya juu ilikuwa imejaa, ikammwagikia yote kichwani. Kinu kikawashwa, na kabla ya kengele ya kutoka tangazo la ukutani lilikuwa halisomeki tena.

Alasiri hiyo Philipo alirudi nyumbani mweupe, kope mpaka kucha. Chini ya kwapa alikuwa na chupa, na haikuwa nusu. Meneja kwa furaha yake aliamuru siku ya kwanza wajaziwe. Yunisi alimimina kwenye kikombe. Eliza alikishika kwa mikono miwili, akanywa bila kuvuta pumzi, akakirudisha mbele aongezwe. Yunisi akaongeza. Alitaka kumtukana mtu, kama ilivyokuwa desturi yake. Akaanza na Meneja, akaenda kwa Selemani, akaenda kwa mzee, na kila alipofika alikuta mkono wake mwenyewe uko pale juu pamoja na mingine.

Philipo akachuchumaa karibu amtazame mtoto akinywa. Akatabasamu. Kisha kikohozi kikamshika, kile kirefu, na kwa kila mtikisiko unga ukapukutika kutoka kwenye nywele zake.

Yunisi aliruka, akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Kakohoe nje!" alimfokea. "Utatia vumbi kwenye maziwa ya mtoto."

Philipo akainuka, akashika ukuta, akatoka.